Chai ya Bangwe na Simu ya Mtu Mwenye Adabu

Siku niliyoripoti kazini, kwenye ofisi ya shirika letu pale mjini, mtaa wa Katubuka, Mkuu wa Mawasiliano alinikabidhi ufunguo wa chumba cha seva kabla hata sijakaa. Seva ni kompyuta mama, ile inayotunza taarifa zote. Humo mlikuwa na majina ya wakimbizi kutoka Burundi, familia zao na nyumba walizopewa kambini.

"Bi Tausi," akaniambia, "yakiharibika humu, yaishie humu. Mashirika mengine yasijue."

Nikaitikia. Nilikuwa mgeni, ningefanyaje?

Baadaye nilipelekwa kambini, kisha nikarudishwa mjini nikiwa msimamizi wa usalama wa mtandao. Cheo kikubwa, kiti kibovu. Kazi yenyewe ilikuwa kuzuia wasioruhusiwa wasiingie kwenye mfumo. Na nyie vijana mnaodhani wezi wa taarifa hujifungia chumbani wakibofya kompyuta, poleni. Wa kwetu alipiga simu mchana kweupe, tena akasalimia vizuri.

Tulikuwa kwenye kongamano la usalama wa mtandao. Mashirika yote yanayohudumia wakimbizi yalileta watu wao kwenye ukumbi mmoja Bangwe. Mtaalamu kutoka Dar es Salaam alikuwa na picha ukutani na maneno mengi. Mimi nilisinzia, sifichi. Chai ilipokuja nikakaa na Hamisi, fundi wa kompyuta wa zahanati ya kambini, mtu wa Kasulu tuliyezoeana naye miaka mingi. Hakugusa hata sambusa.

"Kulikoni, mdogo wangu? Umefiwa?"

"Hapana, dada. Nimefanya jambo la kijinga."

Mtu alikuwa amempigia juzi. Akamsalimia kwa Kiha cha nyumbani kwao, mwakeye, akauliza habari za wazazi, za shamba, za mvua ya Kasulu. Kisha akasema yeye ni wa ofisi yetu, anaomba nywila, yaani neno la siri la kuingilia kwenye mfumo wa zahanati. Hamisi akampa. Msimcheke. Kwetu huku, mtu akishakuulizia mama yako, kumwambia athibitishe yeye ni nani ni kumtukana.

"Alitafuta nini?"

"Nimeangalia leo asubuhi. Kafungua faili moja tu. La Consolata."

Chai ilinipalia. Consolata nilimfahamu tangu nikiwa kambini, mjane mwenye watoto, aliyewaona waliomuua mumewe na akawataja hadharani. Watu hao walimfuata mpaka huku, ndiyo maana tulimhamishia kanda nyingine kimyakimya. Faili la zahanati lilionyesha kanda, halikuonyesha nyumba. Kilichobaki ni namba ya nyumba, na waliokuwa nayo walikuwa mle mle ukumbini wakinywa chai.

Nikampigia mkuu wa polisi wa kambi, kisha Mkuu wa Mawasiliano. Nikamwambia nakwenda kulisema mbele ya wote.

"Usithubutu! Utatuaibisha. Andika ripoti, tutaijadili."

"Aibu itatutoka, mzee. Consolata akiuawa, wanawe tutawaambia nini?"

Akakata. Wee! Hasira zikanipanda. Nikamnyang'anya mtaalamu kipaza sauti. "Samahani, kaka, utaendelea. Jamani, nani kapigiwa simu na mtu mwenye Kiha kitamu, anayejifanya wa ofisi yetu?"

Watu wazima wakatazama viatu vyao. Ndipo Hamisi akasimama. "Mimi. Na nywila nikampa."

Nilimpenda siku ile kama mdogo wangu wa tumbo moja. Mama mmoja wa kitengo cha chakula akainua mkono. "Na mimi kanipigia. Anataka namba ya nyumba ya Consolata. Nimemwambia apige tena mchana, nimtafutie."

Mchana ulikuwa ndio huo. Polisi walimtoa Consolata na watoto kwenye nyumba yao, wakaingia wao kwenye nyumba nyingine iliyokuwa tupu, wakatutumia namba yake. Simu ikaita. Yule mama akasalimia, akacheka kidogo, akauliza habari za nyumbani, kisha akampa namba ya nyumba waliyokuwamo polisi.

Kabla ya magharibi mkuu wa polisi akatupigia. Wanaume wawili wamekamatwa mlangoni, wana mapanga. Hamisi alilia, nami nikalia.

Sasa nimestaafu, niko hapa hapa mjini, Mwanga, na vijana wa fani yangu huniuliza kwa nini wahangaike kwenda kwenye makongamano wakati mihadhara yote iko kwenye simu. Mihadhara sikumbuki hata mmoja. Lakini Hamisi asingeliandika jambo lile kwenye barua pepe hata kwa bakora. Aliniambia kwa sababu tulikuwa tunajuana mpaka watoto, na wengine wakasema kwa sababu yeye alisema. Basi nendeni, mkakae na watu. Na mkuu wenu akiwakataza kusema, semeni.

Consolata alirudi kwao Burundi kulipotulia. Nilikwenda kumuaga bandarini. Alinishika mkono, watoto wake wote wako nyuma yake, na hakuniachia mpaka honi ya meli ilipolia.