Kozi ya Majani

Watu wakiniuliza nilifanya nini wakati Katanga ilipojitenga, wanangoja niwasimulie mizinga. Mizinga niliisikia kama kila mtu, nikalala chini ya meza kama kila mtu. Lakini kazi yangu wakati ule ilikuwa kutunga kozi ya majani. Ndiyo, majani, haya haya yanayokanyagwa. Mkitaka kucheka chekeni, nimezoea. Wa kwanza kunicheka walikuwa wa nyumbani kwangu.

Nilikuwa mwalimu wa kilimo katika shule ya sekondari ya mapadre hapa Lubumbashi, mji ambao kwenye karatasi bado uliitwa Elisabethville. Nilikuwa kijana na nilikuwa na domo. Sikuona mtu pale shuleni aliyeujua udongo kunizidi, na sikuona haya kulisema. Shida ni kwamba sehemu yetu ya kilimo ilikuwa ndogo, na wizara ya ile nchi mpya ilitaka kuifunga. Walisema mji wa shaba unahitaji mafundi wa mitambo, na mahindi wacha yalimwe mashambani huko Lukafu na watu wa Lukafu.

Mkuu wa shule, padre mzee wa Kibelgiji, sisi tulimwita mupe tu, akaniita ofisini kwake. Kiswahili alikisema kama sisi, maana alifika huku kabla sijazaliwa.

"Mwalimu, tafuta kitu ya mujini," akaniambia. "Kitu yenye inspekteri hawezi kusema haina kazi. Kama hakuna, mwezi wa tisa batoto banarudi kwabo."

Kurudi kwao lilikuwa neno la upole. Kijana mwenye kimo, asiye na shule wala kazi, siku zile alikuwa anakutwa njiani na kuchukuliwa jandarmerie, jeshi la Katanga. Kaka yangu mkubwa alichukuliwa hivyo hivyo. Wakampeleka kaskazini, pande za Mitwaba, ambako baba yetu alitoka kabla reli haijamleta mjini. Mtoto wa watu wale wale akapewa bunduki akapigane kwenye mashamba ya babu zake. Baba alikuwa ameshafariki, tukabaki mama, mimi na mdogo wetu wa mwisho, na tangu kaka aondoke hatukusikia hata salamu. Yule mdogo wetu alikuwa mwanafunzi katika sehemu yangu ya kilimo, na alikuwa anarefuka vibaya. Mara nyingi nilimwona mama anamtazama akiinama kupita mlangoni, na najua alikuwa anawaza nini, maana hata mimi nilikuwa nawaza hilo hilo. Niliogopa. Shule ikifungwa, atachukuliwa.

Basi nikazunguka mji mzima kwa baiskeli nikitafuta hicho kitu cha mjini. Nikapita kwenye nyumba za wazungu waliokimbia, bustani zimekuwa pori. Nikapita hospitali, nikapita uwanja wa mpira, katikati hakuna jani, vumbi jekundu tupu, wachezaji wanatoka pale kama wamechimbwa ardhini. Nikafika mpaka Luano, kwenye uwanja wa ndege, nikaona majani marefu yamekauka kando ya njia ya ndege, yanangoja moto tu. Nikasimama pale na baiskeli yangu nikacheka peke yangu. Kazi iliyonizunguka mji mzima ni hii, na hakuna shule inayoifundisha.

Nikarudi kwa mupe nikamwambia tutafundisha kutunza majani mafupi: ya viwanja vya mpira, ya hospitali, ya bustani, ya viwanja vya ndege. Yeye akataka tuongeze maua ya waridi. Nikakataa. Nilimwambia waridi lina wapenzi wengi, majani hayana mtu. Akanitazama juu mpaka chini, kisha akasema, "Bon, fanya."

Nikaitunga. Sisemi kwa majivuno, au nasema kwa majivuno, si neno: ile kozi ilikuwa nzuri. Mwanzo niliweka udongo, jinsi ya kuusawazisha ili maji yasitulie, na jinsi ya kutumia udongo wa kichuguu, maana Katanga vichuguu ni vikubwa kama nyumba na udongo wake ukisagwa na kuchanganywa na mchanga hufunika vizuri mahali palipochakaa. Halafu kupanda. Halafu maji, asubuhi na mapema. Halafu kukata, na hapo niliandika kwa wino mzito: usikate kwa mara moja zaidi ya theluthi ya urefu wa jani. Anayekata yote kwa mkupuo anaua. Halafu kunoa mashine, maana kisu butu hakikati jani, kinalichana, na ncha inageuka kahawia. Yote hayo niliyapanga kwa miaka miwili, mwezi kwa mwezi, masika na kiangazi, na nikaona hakuna wa kunibishia.

Wa kunibishia alikuwa nyumbani. Mama alikuwa anapalilia mlango wake kila siku ya Mungu. Katika mitaa yetu ua safi ni udongo mtupu uliofagiwa mpaka unaona alama za fagio. Jani likiota karibu na mlango, ni nyoka, ni mbu, ni mwanamke mvivu. Tena wakati wa Wabelgiji watu wa usafi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na mwenye majani uani anatozwa faini mbele ya majirani. Wamama wa kizazi cha mama yangu walikua na hofu hiyo. Nilipomwambia nitawafundisha vijana kuotesha majani, aliweka sufuria chini.

"Weye njo mwenye masomo humu nyumbani," akasema. "Baba yako alilipa bamupe juu ya majani?"

Akaenda kuwasimulia wenzake, wakacheka wiki nzima. Sikumfafanulia zaidi, wala sikumwambia nitayapanda wapi. Nilisema moyoni, ngoja waone.

Mbele ya darasa letu nikapanda kiwanja cha mfano. Nilitumia ile nyasi fupi inayotambaa chini na kutoa mizizi kwenye kila kifundo. Wanafunzi walibeba maji kwa ndoo tangu kiangazi kianze, na pande zote zilipokuwa majivu na vumbi, pale palikuwa kijani. Inspekteri wa wizara akatuma habari kwamba atakuja Jumanne asubuhi kuona kama kozi inafaa. Mimi, kwa kutaka kumwonyesha kazi kamili, nikaacha kukata. Nilitaka afike akute majani marefu, nimkatie mbele ya macho yake, aone tofauti. Kwa hiyo mpaka Jumatatu yale majani yalikuwa yamefunika viatu.

Jumapili mupe alitangaza kanisani kwamba mgeni mkubwa anakuja shuleni, na wazazi wenye nafasi waje kusaidia usafi. Mimi nilikuwa nyuma kwenye kwaya, sikulitilia maanani.

Jumanne nikafika shuleni mapema, baridi kali ya mwezi wa saba, umande bado uko chini. Nikashuka kwenye baiskeli, nikaangalia mbele ya darasa, nikaangalia tena. Kiwanja changu hakikuwepo. Udongo mwekundu, umelimwa, umesawazishwa, umefagiwa vizuri mistari mistari. Pembeni wamama wamesimama na majembe yao, wanafuta jasho, wamefurahi, na mbele yao ni mama yangu mzazi. Nyuma ya jiko la shule lundo la majani yangu, na mmoja wao ameshachutama na kiberiti.

"Acha moto," nikapiga kelele. "Acha huo moto, mama."

Yule mama akakiangusha kiberiti. Mama yangu akanishangaa.

"Unatulalamikia nini? Tumefika tangu giza. Inspekteri angekuta pori mbele ya darasa ya mwana yangu? Angesema batu ba hapa baiko bachafu."

"Mama, umeniua."

"Nimekuua na kusafisha?"

Damu ilinichemka, sifichi. Kama asingekuwa mama yangu ningesema maneno ambayo hayarudi. Nikamshika mkono nikamvuta kando, nikamwambia mambo yote kwa mara ya kwanza. Nikamwambia yale majani ndiyo kozi. Inspekteri anakuja kuyaona hayo, hana kingine cha kuona. Asipoyaona, anafunga sehemu ya kilimo leo leo, na mwezi wa tisa mdogo wetu hana shule.

Alitazama udongo aliousafisha. Nikaona anazeeka pale pale nilipomshika, na hasira yote ikanitoka nikabaki na huruma. Mimi nilikuwa namwogopea mtoto mmoja, huyu mdogo wetu. Yeye alikuwa na wawili.

Akili ikanirudia. Nikaenda kwenye lundo, nikachomoa mashina. Yalikuwa bado na unyevu, mizizi myeupe, haijakauka, kwa sababu ya baridi na umande. Nyasi ile hata ukiikata vipande haifi, ilimradi kila kipande kiwe na kifundo. Nikarudi kwa wamama nikawaambia tunapanda upya, sasa hivi, kama wanavyopanda viazi vitamu: unachimba mfereji mdogo, unalaza shina, unafukia, unaacha ncha nje, unakanyaga.

"Kupanda majani," mmoja akasema taratibu, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni.

"Panda," mama akamwambia. "Usiulize."

Wakaingia. Wanafunzi wakakimbilia ndoo. Mupe alitoka kwenye Misa, akakunja mikono ya kanzu yake akaanza kukatakata mashina kwa kisu cha jikoni. Tulikuwa hatujafika nusu wakati gari la inspekteri lilipoingia.

Alikuwa mtu wetu, Mkatanga, tai imekaza shingo, ofisi bado mpya kwake. Alikuja mpaka ukingoni mwa kiwanja akasimama.

"Mwalimu, barua yenu inasema kuna majani. Iko wapi?"

"Iko chini, bwana inspekteri," nikamjibu, matope mpaka kwenye magoti. "Leo umefika siku ya somo la kupanda."

Akatazama udongo, akatazama lundo, akatazama majembe ya wamama. Akaelewa. Nilimwona anaelewa, uso ukamlegea.

"Bamama balilima yote," akasema.

"Yote, bwana inspekteri."

"Mama yangu angefanya vile vile. Kule kambi yetu ya migodi hata jani moja hakuachaka." Akacheka kidogo, kisha akakumbuka cheo chake. "Bon. Nani atawapa kazi hawa vijana?"

Hapo alinikuta niko tayari. Nikamwambia juu ya Luano na moto unaongoja kando ya njia ya ndege. Nikamwambia juu ya hospitali, na uwanja wa mpira ambao serikali yenyewe inautumia kwa gwaride, vumbi linaingia kwenye pua za mawaziri. Nikamwonyesha kipande cha shina, nikamkatia kwenye kifundo, nikamweleza mzizi utatoka wapi na baada ya muda gani. Alipouliza kuhusu kukata nikamweleza theluthi. Alipouliza kuhusu mbolea nikamweleza mbolea. Hakukuwa na swali lililonishinda, na nadhani alilitafuta.

Mwishowe akatoa kalamu, akaweka karatasi juu ya kitako cha ndoo.

"Kozi ni ya miaka ngapi?"

Nikafungua kinywa niseme miaka miwili, kama nilivyoipanga mwezi kwa mwezi.

"Mitatu," mama akasema.

Alikuwa bado amepiga magoti kwenye mfereji, mikono udongoni. Hakunitazama mimi, alimtazama inspekteri. Wenzake wakaacha kupanda. Katika mji wetu mwanamke wa jembe hamwingilii mtu wa wizara, na yeye alijua hilo kuliko sisi wote.

Inspekteri akageuka. "Mama, juu ya nini mitatu?"

"Majani inaota polepole, baba inspekteri."

"Uko na mutoto humu?"

"Niko naye. Ule murefu, mwenye ndoo."

Akamtazama mdogo wangu, kimo chake, mabega yake. Akarudisha macho kwa mama.

"Ni mumoja tu?"

"Niko na mwingine," mama akasema. "Balimupeleka Mitwaba na bunduki. Sijuwe kama iko muzima."

Inspekteri akanigeukia na kalamu yake. Mupe aliinamisha kichwa. Mimi, mtunzi wa kozi, niliyejua kila mwezi na kila somo, nikasema kwa sauti niliyoitumia darasani, "Mitatu, bwana inspekteri. Kwa miaka miwili haiwezekani." Akaandika mitatu, akapiga sahihi, akampa mupe karatasi, akaondoka bila kuuliza neno lingine.

Nilikaa likizo nzima kutafuta cha kuweka katika ule mwaka wa tatu, na niliujaza, nao ukawa mzuri kama mingine. Kujitenga kukaisha mdogo wangu hajamaliza hata mwaka wa kwanza. Wanajeshi wa Katanga wakavua sare zao, wengine wakarudi kwao kwa miguu, sisi tukangoja, kaka hakurudi. Mupe akamwambia mama kwamba sasa hatari imepita, kijana akitaka anaweza kutoka shuleni atafute kazi. Mama akamjibu hapana, miaka mitatu ni mitatu, na akawa anamsindikiza mwenyewe kila asubuhi mpaka kwenye lango la shule, anasimama pale mpaka amwone ameingia.