Msimu Niliokataa Kujua Kufuma

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanaokauka juani bado inanirudisha Ruziba, kwa bibi mzaa mama, aliyenilea hadi nikaota meno ya pili. Huko kiboko alitoka ziwani asubuhi moja akala shamba lote la viazi vitamu, tena hakula tu, alilala juu yake kama mtu aliyelipia kitanda. Bibi alisimama na jembe akamtazama. Majirani walicheka; na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, maana sikujua kwamba kile kilikuwa chakula changu. Wiki ile ile bibi alizifunga nguo zangu ndani ya kitenge, akanipeleka mjini, Buyenzi, kwa wazazi wangu, ambao nilizoea kuwaona siku za Idi tu.

Ndivyo nilivyomkuta baba nyumbani. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa kwenda na kurudi, lakini mwaka ule lori la tajiri wake lilikufa injini, naye akawa anashinda barazani akifuma kofia. Msishangae mwanamume kufuma. Madereva walikaa siku nyingi mpakani wakingoja karatasi, na huko ndiko alikojifunza. Kroshe yake, yaani kile kisindano chenye ndoano, aliitengeneza mwenyewe kwa spoki ya baiskeli, akaisugua kwenye jiwe hadi ikateleza. Mikono yake ilinuka sabuni na grisi pamoja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alipenda kusema, lakini macho yake yalikuwa barabarani.

Akaanza kunifundisha mnyororo, ndio mshono wa kwanza: unafanya kitanzi, unapitisha kroshe, unanasa uzi, unauvuta ndani ya kitanzi, basi, kisha tena, na tena. Kusema ni rahisi. Mimi nilivuta uzi hadi kroshe ikakataa kupita.

"We mama, unamukaba kama mwizi," baba aliniambia, akiniita mama kama wanaume wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Amekuibia nini? Mulegezee."

Akafumua, nikaanza upya.

Siku moja nilikuwa nyuma ya mlango na beseni la vyombo, nikamsikia mama akimwuliza baba ataondoka lini, maana amechoka kuishi na mtu ambaye yupo na hayupo. Baba alijibu polepole.

"Acha mutoto ajue kwanza hii kazi. Akijua, mi nitaenda."

Mama hakuuliza wapi. Mimi shule nilisoma darasa moja na nusu, lakini hesabu hiyo niliielewa. Nisipojua, haendi. Tangu siku ile nikawa mjinga kwa makusudi: kitanzi kimoja kikubwa, kingine kidogo, kingine nakiruka. Vidole vilikwisha kujua, nikavikataza. Jirani yetu Mama Zaituni akapita akasema huyu mtoto mikono yake ni ya kuchota maji tu. Baba hakukasirika. Alifumua tu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilidumu msimu mzima wa mvua, na sijapata tena raha kama ile.

Leo wajukuu wangu hujifunza mshono ule ule kwenye video za simu. Wakikosea, wanamrudisha mwalimu nyuma, naye anaanza upya bila kuchoka, mara mia wakitaka. Nawaonea wivu, mimi mzee mzima. Nimefuma kofia nyingi, nimesomesha watoto kwa kofia, na kila anayeusifu mkono wangu ananiumiza kidogo bila kujua.

Maana siku moja nilijisahau. Mvua ilikuwa imekatika. Baba alikuwa akinisimulia habari za jogoo aliyefichwa chini ya kiti cha lori, akawa anawika kila askari wa forodha alipouliza kama kuna mzigo. Nilicheka hadi machozi, mikono ikaenda yenyewe. Hadithi ilipoisha, mnyororo ulikuwa umefika sakafuni, vitanzi vyote sawa. Baba akauokota, akaupitisha kati ya vidole tangu mwanzo hadi mwisho.

"Basi, mama. Umejua."

"Apana, baba. Sijajua."

Aliniachia kroshe mkononi, akanawa miguu bombani, akavaa viatu, akamsalimia Mama Zaituni kama mtu anayekwenda dukani, akakata kona. Hakurudi tena.