Mbasela ya Kidonge

Ufukweni Nchelenge, muuza chisense asiyetoa mbasela humwona mteja mara moja tu. Chisense ni dagaa wa ziwa letu. Tunawaanika mchangani na kuwapima kwa kikombe. Mbasela ni kile kiganja unachommwagia mteja juu ya kipimo, bure, ili kesho arudi. Mkono wangu umeshazoea. Humwaga kabla sijafikiri.

Wakati fulani misuli ya miguu ilikuwa ikinikaza kwa kusimama sokoni kutwa. Mwenzangu anayevuka ziwa kutoka Kongo kwa biashara akaniletea vidonge vya magnesiamu ndani ya karatasi iliyosokotwa. Nimeze viwili kwa siku, alisema. Si dawa, ni chumvi ya mwili tu. Niliharisha siku mbili, kisha miguu ikatulia, au nilidhani imetulia.

Mama yangu, ninayeishi naye kijijini Kafutuma, naye alikuwa akilalamika miguu. Figo zake zilikuwa dhaifu, na hilo nililijua. Lakini mwenye figo dhaifu huogopa dawa, nami nilishaambiwa hii si dawa. Nikampa viwili, na juu yake kimoja cha mbasela. Mzazi humpimii kama mteja mgeni. Vitatu kila asubuhi, wiki nzima.

Siku ya nane alishindwa kushika kikombe cha uji. Macho yalikuwa mazito, maneno yakimtoka moja moja. Nilikodi baiskeli, mama akakaa nyuma, mwenye baiskeli akiisukuma nami nikimshikilia mama kiunoni, tukaenda hivyo mpaka kituo cha afya.

Muuguzi, mwanamke mtu mzima, aliuliza anatumia nini. Nikamwonyesha ile karatasi. Akamgeukia mama kwa Kiswahili chake cha sokoni.

“Bamayo, mulikunywa ngapi kwa siku?”

“Kimoja,” mama akasema. “Ni miye mwenyewe njo nilikamata. Mutoto hakuyua kitu.”

Kope zilimshinda kuinua, lakini uongo wa kunikinga aliupata. Nilimkasirikia sana. Tena niliona kwamba ningeweza kunyamaza, na kwa pumzi moja nikatamani kunyamaza.

“Vitatu,” nikasema. “Wiki nzima. Mimi ndiye niliyempa.”

Muuguzi hakunigombeza, na nilitamani anigombeze. Alisema mwenye figo nzima akifuata kipimo, ziada hutoka na mkojo. Mara nyingi kinachosumbua ni tumbo tu. Kwa mwenye figo mbovu inabaki kwenye damu na kulegeza misuli, na moyo nao ni msuli. Ndiyo maana mtu kama mama hapewi bila kuuliza. Akausikiliza moyo wake kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, kisha akaita gari la hospitali.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, amekonda, akidai ugali. Miguu yake bado inakaza. Tunaikanda kwa maji ya moto.

Dawa alizoandikiwa na daktari nampa mimi, kwa mkono uleule. Kila asubuhi namwekea kidonge kimoja kiganjani. Hakifumbati. Ananitazama usoni.

“Na mbasela?”

“Hakuna, mama.”

Hapo ndipo anakimeza.