Majaribio Yasiyoitikia Shikamoo

Niliingia sebuleni kwangu nikadhani binti yangu anagombana na mumewe kwenye simu.

"Nimekwambia usiguse huko! Nani kakutuma huko?"

Nikasimama mlangoni na spana mkononi. Mkwe wangu namjua, ni mtu mpole, na mtu mpole akianza kugusa vitu bila kutumwa lazima kuna jambo. Kumbe mkwe hakuwamo kabisa. Binti alikuwa anaigombeza kompyuta.

Mimi shule sikukaa. Niliondoka mapema, nikajifunza kazi chini ya malori pale Kilosa, karibu na stesheni ya reli iliyomleta babu yangu. Baadaye nikahamia Mikumi, barabara kuu, ambako magari mazito hayaishi kupita na kwa hiyo hayaishi kuharibika. Gereji yangu nimeijenga mwenyewe. Malori yangu nimeyanunua yakiwa maiti, nikayafufua. Binti huyo nimemsomesha kwa grisi ya mikono hii mpaka akajua kuandika programu za kompyuta. Kwa hiyo nikisema kwamba nimewahi kusaidia kufundisha kazi akili mnemba, mtu asinicheke mpaka nimalize.

Jambo lenyewe lilikuwa miwa. Huko Ruaha, jirani na Kidodi, shamba la miwa likishachomwa majani hakuna kungoja. Linakatwa, linapakiwa, linafika kiwandani. Miwa ikilala shambani inakauka na sukari inakwenda zake. Miaka yote malori yaligawiwa na bwana mmoja aliyesimama njia panda na simu mbili masikioni, na mkulima mwenye sauti kubwa ndiye aliyepata lori. Mwenye sauti ndogo alibaki akiitazama miwa yake inasinyaa.

Binti yangu akaacha kazi yake Dar es Salaam, akarudi nyumbani kutengeneza programu ya kugawa malori hayo. Mwenyekiti wa ushirika, mama wa milimani asiyependa maneno mengi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Siku ya kwanza ya kuchoma, programu yako ndiyo itagawa. Miwa ya mtu mmoja ikilala, mwanangu, namrudisha yule bwana na simu zake. Na wewe urudi kwenye kazi yako mjini." Kazi yenyewe mjini ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Mama hakujua, na binti hakumwambia.

Sasa kuandika programu siku hizi, nilivyoelezwa, huandiki peke yako. Kuna msaidizi, hiyo akili mnemba, unamwambia unachotaka naye anaandika. Lakini huwezi kumwamini kwa sura, kama nisivyoweza kumwamini fundi mgeni kwa ovaroli safi. Kwa hiyo binti alikuwa ameandaa majaribio, mamia ya maswali madogo. Mashamba mawili yakichomwa asubuhi moja, je, kila moja linapata lori? Lori likiwa bovu, je, linaondolewa kwenye mgao? Dereva akizima simu je? Kila msaidizi akibadilisha kitu, anaendesha majaribio, anasoma majibu, anajua kama ameharibu au ametengeneza.

"Sasa ugomvi wa nini?" nikamuuliza.

"Baba, anapotea. Nimempa kosa moja dogo alirekebishe. Kaendesha majaribio yote, kasoma yote, halafu kaenda kurekebisha kitu kizima."

"Yaani ugonjwa uko kwenye klachi, yeye anafungua breki."

"Hivyo hivyo."

Nikavuta kiti nikatazama. Maneno yalikuwa yanapanda kwenye skrini kama mchwa: jaribio hili sawa, hili sawa, hili sawa, na chini yake maelezo, na chini ya maelezo sawa nyingine. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaanza kucheka.

"Baba, hapa kuna kichekesho gani?"

"Huyu ni shangazi yako wa Munisagara."

Akanitazama, kisha naye akacheka, maana shangazi yake anamjua. Ukimpigia simu yule dada yangu unamuuliza habari za huko, anasema nzuri. Watoto? Nzuri. Shamba? Nzuri. Mvua? Nzuri. Mbuzi? Wazima kabisa. Shemeji? Mzima. Unataka kukata simu ndipo anasema, "Ila nyumba imeungua." Umeshachoka na nzuri zake, na huo moto unakuingia sikio moja unatokea la pili.

"Msaidizi wako anasalimiwa mpaka anachoka," nikasema. "Ana kichwa kikubwa, lakini hata kichwa kikubwa kina ukingo. Waambie walio wazima wanyamaze. Aseme mgonjwa peke yake."

"Hilo lipo, Baba. Watu wanalifanya kitambo. Mimi ndiye sijaliweka."

"Liweke basi. Na hilo la kuendesha yote kila mara, ni nini? Mimi nikibadilisha balbu ya lori siliendeshi mpaka Kilosa kuona kama inawaka."

"Utawasha taa tu."

"Nitawasha taa. Nikimaliza kila kitu, hapo ndipo naliingiza barabarani."

Hilo nalo alikuwa analijua, bila shaka alilisoma mahali penye viyoyozi. Lakini alikuwa hajalifanya, na kwenye gereji yangu kujua bila kufanya hakufungui nati. Akakaa siku nzima anaandika. Akamwekea msaidizi maagizo: ukigusa sehemu ya malori, anza na majaribio ya malori peke yake. Lililoshindwa mara ya mwisho, liulize kwanza. Lililo zima linyamaze. Lililo gonjwa liseme maneno matatu tu: lilitarajia nini, limepata nini, na ni mstari upi.

Msaidizi akawa mtu mwingine. Kazi iliyokuwa ikimla asubuhi nzima akawa anaimaliza kabla chai haijapoa, na hasahau alichotumwa. Nikaenda gereji nikajisifu, kwa nini nisijisifu?

"Mzee siku hizi unatengeneza na kompyuta?" fundi wangu mmoja akaniuliza kutoka chini ya gari. "Unaanzia chujio la oili?"

"Naanzia na mafundi wavivu," nikamwambia, na wenzake wakamgongea mabati kwa kicheko.

Zikabaki siku chache wachome. Binti akamwambia msaidizi apange upya mafaili yake, yawe nadhifu, kisha aangalie majaribio ya lori bovu. Msaidizi akapanga, akaendesha, kimya. Hakuna aliyelalamika. Akaandika kwamba hali ni salama, kazi imekamilika. Mke wangu akachinja jogoo, tukala kama watu wa sikukuu.

Mchana wake tukaenda Ruaha kumwonyesha mwenyekiti. Yule mama akavaa miwani, akatulia mbele ya kompyuta kama anasoma Injili. Kisha akasema, "Weka lori la shemeji yangu. Liko juu ya mawe tangu Pasaka, halina hata magurudumu."

Binti akaliweka, akaandika kwamba ni bovu. Programu ikafikiri kidogo, ikaligawia lori la shemeji shamba la mwenyekiti mwenyewe.

Mama akavua miwani. "Mwanangu, hilo lori lina kuku chini yake."

Akaifunga ile miwani kwenye kanga yake, taratibu, akasema, "Keshokutwa tunachoma. Namwambia yule bwana wa njia panda achaji simu zake. Ukiwahi, sawa. Usipowahi, tutashukuru kwa kujitahidi."

Njia nzima kurudi Mikumi nilikuwa nayarudia maneno ya msaidizi kichwani. Si alisema hali ni salama? Si alinyamaza? Rai ya kunyamaza ilikuwa yangu, sikatai, na bado naiona ni rai nzuri.

Tulipofika nikakaa nje kwenye benchi, natazama mbele. Akaja yule mama wa maziwa, wa zile familia za wafugaji zilizohamia kata ya Ulaya, huku huku Kilosa, na dumu lake nyuma ya baiskeli.

"Shikamoo baba."

Sikumsikia. Akili yangu ilikuwa kwenye lori lenye kuku.

Mwanamke yule hakupita. Akaegemeza baiskeli, akasogea hatua, akasema tena kwa sauti, "Baba, shikamoo!" Nikawa bado niko Ruaha. Ndipo akageuka kwa binti yangu aliyekuwa ameinama mlangoni juu ya kompyuta yake.

"Dada, baba anaumwa?"

"Haumwi, amechoka tu. Kwani vipi?"

"Mbona haitikii? Mzee asiyeitikia ni mgonjwa, au hayupo. Mimi siwezi kumpita hivi."

Nikazinduka. "Marahaba, marahaba mwanangu! Nipo. Nilikuwa mbali kidogo."

"Aa, afadhali," akasema, akafungua dumu lake kwa amani.

Binti yangu alikuwa amesimama, mkono uko mdomoni. "Baba. Hayupo!"

"Nani hayupo?"

"Jaribio! Tulipopanga mafaili, majaribio ya lori bovu yamehamia kwingine. Msaidizi ameyaita kwa jina lao la zamani, hakuna aliyekuwepo, hakuna aliyeitikia. Sisi tukasema kimya maana yake wazima!"

Tuseme ukweli: mtu yeyote wa huku angekwambia kwamba kimya baada ya shikamoo si jibu. Mtoto mdogo anajua. Unaisimamia mpaka uitikiwe, na usipoitikiwa unaita majirani. Mimi na binti yangu, na jogoo mzima tumboni, tulikuwa tumepita mlango wa nyumba tupu tukasema wenyewe hawajambo.

Mama wa maziwa akatupimia lita yetu akauliza kama tuko sawa. Tukamwambia tuko sawa kuliko asubuhi.

Binti hakutaka hata kula. Alichofanya ni kidogo, lakini nimekielewa chote, naweza kukueleza. Walio wazima waliendelea kunyamaza, mmoja mmoja. Lakini kila mwisho wa safari aliweka mstari mmoja tu, akauita marahaba: wangapi wameitwa, wangapi wameitikia. Aliyeitwa asipoitikia ahesabiwe mgonjwa. Na kama hakuna aliyeitwa kabisa, msaidizi akatazwe kusema hali ni salama. Apige kelele, aseme nimesimama kwenye nyumba isiyo na watu.

Akaendesha. Msaidizi akapiga kelele palepale, nyumba tupu. Akayatafuta majaribio yalikohamia, akayaita kwa jina lao jipya, na jaribio la lori bovu likasema kwa ufupi: lilitarajia lori libaki gereji, limekuta limepewa shamba. Na mstari likautaja.

"Hapo!" nikasema, kana kwamba nami nausoma.

Msaidizi akaurekebisha. Akaliuliza jaribio lile peke yake, likaitikia. Akayauliza ya malori, yakaitikia. Mwisho akaliingiza gari zima barabarani, yote mamia, na kwenye skrini ukatokea mstari mmoja mzuri kuliko sifa zote nilizowahi kupewa: marahaba, wote wameitwa, wote wameitikia. Binti akaufunika uso wake kwa viganja. Nikamwambia, "Haya mama, sasa ule."

Siku ya kuchoma majivu yalikuwa yanaruka mpaka kwenye vikombe vya chai. Yule bwana wa njia panda alikuwepo na simu zake, zimechajiwa zote mbili. Malori yakaanza kuja, kila dereva na ujumbe wake wa shamba analokwenda, bila kelele. Mwenyekiti alikuwa anazunguka na miwani puani akitafuta miwa iliyolala.

Saa nne hivi lori moja likakata klachi kwenye njia ya Kidodi, katikati ya zamu. Nasema lori moja. Lilikuwa langu, lile ninalolipenda kuliko mengine, niliyeifunga klachi hiyo ni mimi, na sitaki maoni ya mtu.

Nikiwa chini yake, mgongo kwenye majivu, simu ikalia mfukoni. Ujumbe: gari lako limeondolewa kwenye mgao, shamba limepewa gari jingine, tafadhali jibu. Gari jingine lenyewe la nani? La yule mshindani wangu wa gereji ya ng'ambo ya barabara, anayepaka rangi kabla ya kuondoa kutu! Nikaisukuma simu mfukoni.

Baadaye kidogo nikaona miguu miwili ya mwanamke karibu na gurudumu, na kanga ninayoifahamu.

"Mzee mwenzangu," sauti ya mwenyekiti ikasema, "binti yako kakunyang'anya mzigo."

"Nimeona."

"Hakukuonea haya kidogo?"

"Hakunionea."

Kisha akacheka, mama yule asiyechekacheka, akamwita mtu kwa mbali. "Wewe bwana wa simu! Nenda nyumbani ukapumzike. Kesho hatukuhitaji."

Simu yangu ikalia tena. Safari hii ilikuwa sauti ya binti.

"Baba, umepata ujumbe?"

"Nimepata."

"Mbona hujaitikia? Hapa unasomeka mgonjwa."

Oili ilikuwa inanidondokea kwenye ndevu, na mshindani wangu alikuwa anapita na miwa yangu akipiga honi.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, marahaba! Andika hapo kwamba nipo."