Ukuta wa Zunilda, Gogo la Nolfa

Sauti aliyoikumbuka Zunilda Chiguay miaka yote iliyofuata ni moja tu: tak. Kavu, fupi, kama mtu avunjaye ukuni juu ya goti. Ilitoka chini ya sakafu asubuhi ya Agosti, naye yuko jikoni akingoja birika lichemke. Kikombe kilichokuwa mezani kikateleza upana wa kidole kuelekea upande wa jirani yake Nolfa, kikasimama. Akakirudisha. Kikateleza tena. Basi akakunja kadibodi, akaipachika chini ya mguu wa meza, akaketi kunywa chai yake, kana kwamba kilichopasuka ni mguu wa meza na si nguzo ya nyumba.

Nyumba zao kumi na mbili zilipangana ufukweni pale mji wa Castro, kisiwani Chiloé, zimesimama juu ya nguzo, maji yakijaa chini yake na kupwa, ukuta kwa ukuta, kama wazee waliokaa benchi moja. Mmoja akisinzia, kichwa humwangukia aliye kando. Ya Zunilda ilikuwa ya kumi na moja. Ya Nolfa Barría ilikuwa ya mwisho, na baada yake hakukuwa na bega la mtu. Ni matope na bahari.

Siku ya tatu alikuja Erwin Mansilla, dereva wa basi la shule, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa.

"Hodi kwa Bi Zunilda."

"Karibu. Ila hilo faili libaki nje."

Erwin akaingia na faili kwapani. Akatazama ile kadibodi chini ya meza. Akasema mengine.

"Wageni wanapiga picha mtaa mzima, mama. Wakifika kwako wanashusha kamera."

"Basi wana adabu kuliko nyinyi."

"Rangi iliyochakaa nimekusamehe. Nguzo siwezi."

"Nyumba hii ya nani, Erwin?"

"Yako."

"Na hati?"

"Yako. Nguzo zako, mlango wako, hata panya ni wako. Lakini ikianguka, haitaangukia kwenye hati."

Zunilda alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka puani. Erwin hakucheka. Alimweleza kwamba kamati ilitaka kupeleka barua manispaa. Watu wa manispaa wakija watafunga utepe mlangoni, na wakishaufunga, mwenye nyumba haingii hata kuchukua sufuria. Yeye mwenyewe ameomba wamsubiri Zunilda hadi mwisho wa mwezi.

"Omba siku ya mikono," akasema. "Tutakuja sote. Wewe pita tu uombe."

Pita tu. Kana kwamba ni jambo dogo. Kule Chiloé nguzo ya mtu haiguswi na mkono usioombwa, hata ikioza mpaka ndani. Mwenye nyumba hujifunga shali, akapiga hodi mlango mmoja baada ya mwingine, akaomba kila jirani siku moja ya kazi. Nao huja na nyundo na kamba, naye huwapikia washibe. Na anayeomba haruki mlango. Ukimruka mmoja umemtukana yeye, na wale wengine watajua kwa nini umemruka.

Milango kumi Zunilda angeiomba hata kesho. Mlango uliomshinda ulikuwa wa kumi na mbili.

Miaka kumi na tisa nyuma, dhoruba iling'oa sakafu ya Nolfa. Nolfa na marehemu mumewe walipita mtaa mzima wakiomba, na Zunilda akawaambia, nitakuja. Hakwenda. Juma lile walikuwa wamezozana kwa sababu ya mfereji wa paa la Nolfa uliomwagia maji ngazi yake, naye akajiambia kwamba mikono ni yangu, hakuna wa kuniamrisha niipeleke wapi. Alikaa ndani akifuma soksi, mlango umefungwa kwa komeo. Jioni yake mtoto wa Nolfa akaleta sahani: nyama, viazi, na kipande cha milkao, ule mkate wa viazi, kingali moto. Sahani ya mtu aliyefanya kazi. Nolfa hakutuma neno na sahani ile, wala hakuligusia jambo hilo tangu siku ile. Angemtukana ingekuwa nafuu, tusi hujibiwa. Zunilda aliiosha sahani mara mbili, akairudisha. Wakaendelea kusalimiana kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, salamu zilizonyooka kama mbao za dukani.

Agosti ikasogea. Zunilda akaongeza kadibodi ya pili.

Asubuhi moja maji yakiwa yamekupwa, akasikia mtu akigongagonga chini. Akafungua dirisha, akainama. Nolfa alikuwa matopeni na mabuti yake ya mpira, miaka sabini na miwili na nyonga mbovu, peke yake, akisukuma gogo lisimame mshazari chini ya ukuta.

"Unafanya nini huko, wewe mwanamke?"

"Natengeneza kwangu."

"Hilo gogo linashika ukuta wangu."

"Gogo liko kwangu. Ukuta wako ndio umekuja kutembea."

"Utavunjika kiuno bure."

"Kiuno nacho ni changu." Nolfa akagonga kabari, akapumzika, akaifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mahali pake hasa ni pale, kwenye nguzo yako iliyopasuka. Lingekaa vizuri zaidi. Lakini sikuombwa."

Alisema hivyo bila kejeli, kama fundi anayeeleza kipimo. Kisha akaokota nyundo yake, akaondoka akichechemea, akiipita nguzo ya Zunilda kwa mbali kidogo, asiiguse hata kwa sketi.

Zunilda alikaa dirishani mpaka maji yakaanza kurudi. Hati yake ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, na aliijua kwa moyo: mita sita kwa mita kumi na moja, mpaka wa kusini ukuta wa Barría. Ilisema ukuta unaposimama. Haikusema uzito wake unakwenda wapi. Uzito ulikuwa umevuka mpaka bila ruhusa ya mtu, ukamkuta mwanamke mzee, na yeye ameupokea kwa gogo.

Kesho yake alijifunga shali ya buluu, akaanzia nyumba ya kwanza.

"Nakuomba siku moja ya mikono yako, Jumamosi, maji yakikupwa."

"Tulidhani ombi hilo utatuachia kwenye wosia," akasema Erwin, nyumba ya nne. Kisha, polepole: "Na kwa Nolfa?"

"Miguu inakwenda huko huko. Usiisukume."

Kumi wakakubali. Akaipita nyumba yake mwenyewe kama ya mgeni, akasimama kwenye mlango wa mwisho.

Nolfa alifungua, viganja vimejaa viazi vya kukwaruza.

"Umekuja kudai kodi ya gogo?"

Zunilda alikuwa ameyasema maneno yale mara kumi, yakatoka kama maji. Hapa yalitoka moja moja. "Nakuomba. Siku moja. Ya mikono yako."

"Jumamosi maji yanakupwa saa ngapi?"

"Saa nne."

"Gogo nitalihamisha saa tatu na nusu, basi. Na milkao nitapika mimi, yako huwa mbichi katikati." Akageuka arudi kwenye viazi vyake.

Mambo yalikuwa yamekwisha. Zunilda angeweza kuondoka. Lakini alibaki kizingitini, mkono umeshika fremu, mpaka Nolfa akageuka tena kumtazama.

"Siku ile sikwenda popote, Nolfa," akasema, kwa sauti ambayo ukuta tu ungeweza kuisikia. "Nilikuwa ndani. Nilisikia kila nyundo."