Ndiyo ya Wifi Yangu

Mimi ndiye niliyempeleka wifi yangu kwenye kiwanda cha biskuti pale Changamwe, nikamfundisha kupanga biskuti debeni zisivunjike. Shukrani za punda ni mateke, na mimi yangu niliyapata wakati ule tukiungojea Uhuru, tajiri alipoamua kufunga kiwanda arudi kwao Ulaya.

Siku ya mwisho matanuri yalikuwa yamezimwa. Wanawake walilia, huku wakifunga vipande vya biskuti kwenye leso. Tajiri akaja mezani kwetu. Rafiki yake mwenye kiwanda cha peremende alitaka mwanamke mmoja tu, mwepesi wa mkono. Akanitazama mimi.

"Kesho asubuhi utafika kule?"

"Inshallah, bwana."

"Sitaki inshallah. Utafika au hutafika?"

Ningesema nini? Sisi tumelelewa hivyo, kesho haitajwi pasipo Mungu. Nikamwambia, "Kesho ni ya Mwenyezi Mungu, bwana, lakini..."

Sijamaliza, wifi yangu akachomoza nyuma ya bega langu. "Ndiyo, bwana! Nitafika!"

Kavukavu vile, na chuo cha Kurani tulisoma kimoja! Kazi akapewa yeye.

Njiani nikamuuliza, "Wifi, ndivyo ulivyonifanya?"

"Wifi yangu, wallahi inshallah niliitia. Niliitia moyoni."

Tulikaa nyumba moja Chaani, kwa mama mkwe, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Nilimwonea wivu, sifichi. Niliuonea wivu mpaka uchovu wake, anavyokaa kibarazani na kunyoosha miguu. Mama mkwe, aliyekuwa akitupakulia sote pamoja, sasa alisema, "Mwenye kazi ale mwanzo." Mimi nilikuwa uani nikipaa samaki atakaoanza kula yeye.

Kila jioni wifi yangu alimletea binti yangu mdogo peremende, amezifunga kwenye pindo la leso. Siku moja nilirudi kutoka mferejini wakati mmoja naye. Mtoto akatoka mbio, nikatua ndoo nimpokee. Akanipita.

Wifi yangu akaona haya, au akajifanya. "La, mwanangu," akasema, "mbusu mamako kwanza."

Mtoto akageuka, akanibusu haraka shavuni kama alivyoagizwa, macho yake yako kwenye lile pindo.