Maji ya Jirani Kwenye Theluji

Koti nililosafiri nalo nililinunua mnadani Bariadi, kwenye rundo la mitumba. Ilikuwa miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, na nguo za Ulaya zilimwagwa juu ya maturubai kila siku ya mnada. Muuzaji alicheka nilipochagua koti zito kuliko yote.

"Mayu, mama yangu, hili utalivaa wapi na jua hili?"

Nikamwambia nakwenda Sweden. Hakuniamini.

Rafiki yangu wa huko alikuwa fundi wa visima. Miaka kadhaa kabla alikuja kwetu Sola na mradi wa maji, nami nikaajiriwa kumtafsiria, maana kina mama wengi walizungumza Kisukuma tu. Alikaa nyumbani kwa mama yangu, akala ugali na mlenda, akajifunza kusalimu. Jioni alizunguka kaya za watu bila kungoja kualikwa. Alipomaliza kazi aliahidi kwamba na mimi nitaona kwao. Hakusahau, alinitumia tiketi.

Niliposhuka kwenye treni kwao, katikati ya majira ya baridi, ilikuwa saa tisa alasiri, na giza lilikuwa limeshaingia.

"Mwadila, mayu!" rafiki yangu alipaza sauti, salamu yetu ya jioni, mpaka watu wakageuka. Nikaitikia nikicheka na kulia, machozi yakinichoma mashavuni kwa baridi.

Aliishi kwenye nyumba ya mbao kando ya msitu. Nilipenda mambo madogo ya pale: kukung'uta theluji kwenye buti mlangoni, kuanika soksi juu ya jiko la kuni, kwenda dukani kufuata maziwa huku pumzi zetu zikitoka kama moshi. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Siku zilipita na hakuna mtu aliyebisha hodi.

Asubuhi moja bomba likagoma. Maji yalikuwa yameganda mahali fulani kati ya kisima na nyumba.

"Na wewe ndiye fundi wa maji!" nilimtania.

Alicheka kidogo, akajaza theluji kwenye sufuria kubwa na kuiteleka. Sufuria ilikuwa imefurika, lakini theluji ilipoyeyuka maji hayakupita vidole viwili.

"Yule mzee wa nyumba ile ya jirani hana maji?" nikauliza.

"Anayo. Bomba lake limezikwa chini sana."

"Basi twende."

"Dada, huku hatuendi hivyo. Tunapungiana mikono tu. Sitaki kumsumbua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipohamia hapa."

Nilimtazama, yeye aliyekuwa akiingia kila kaya Sola kama kwao, nikamhurumia. Nikachukua ndoo. "Mimi nakwenda. Wewe njoo unitafsirie."

Mzee alifungua mlango akiwa amevaa sweta lenye viraka viwikoni. Akanitazama mimi, akaitazama ndoo, kisha akamtazama jirani yake. Rafiki yangu alieleza kwa sauti ndogo kama mwanafunzi. Mzee akajibu neno moja.

"Anasema tuingie."

Ndoo ilipojaa nikakunja skafu yangu ikawa ngata, nikajitwisha. Mzee akatoka nyuma yangu na ndara miguuni, akisema kwa haraka.

"Anasema utaanguka."

"Mwambie nimebeba maji tangu utotoni."

"Anasema siyo kwenye barafu."

Alisema kweli. Kabla sijafika barabarani mguu uliteleza, nikaishika ndoo kwa mikono miwili, na maji yaliyomwagika yakagandia kwenye kola ya koti. Mzee akaleta kigari cha mbao kisicho na magurudumu, cha kuburuta juu ya theluji, akapakia ndoo na kukivuta mwenyewe hadi kwetu.

Hakuondoka. Aliingia chini ya sakafu pamoja na rafiki yangu, wakalala kifudifudi na mashine ya kukaushia nywele, wakapuliza bomba huku wakibishana. Mimi nilichemsha chai ya maziwa kwa maji yake. Kabla ya mchana bomba lilikohoa, likatema maji.

Mzee alikunywa chai, akasukuma kikombe mbele kuomba nyingine. Akasema mke wake alifariki, na tangu hapo trekta la kusafisha barabara hufika mlangoni kwake, lakini watu hawafiki. Rafiki yangu alinitafsiria sentensi hizo, kisha akamjibu, naye akajibu tena, na tafsiri ikakatika. Sikudai nielezwe. Niliwamiminia chai.

Siku moja kabla ya safari yangu, rafiki yangu alioka mikate midogo ya mdalasini, akafunga mingine kwenye kitambaa.

"Twende tumpelekee mzee," alisema.

Nikamwambia nina nguo za kukunja. Alisita mlangoni, akavaa buti, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akibisha, mlango ukafunguka, akaingia. Nilimaliza kukunja nguo, nikafunga begi, nikaongeza kuni jikoni. Kahawa niliyomwekea ilipoa mezani, na nje giza likaingia, naye bado yuko kule.